Uhalisia au unaturalisti? Namna ya kuamua ukiwa na riwaya mkononi

Wanafunzi wangu wa fasihi huniletea orodha ileile kila mwaka: wahusika ni watu wa kawaida, lugha ni ya kila siku, mandhari yanachorwa kwa undani, mwandishi hapambi maisha. Juu yake wameandika "uhalisia". Fungua ukurasa wa pili, unaikuta orodha hiyohiyo chini ya "unaturalisti", imeongezewa tu umaskini na ulevi. Hakuna cha uongo humo. Ila siku ukiwekewa riwaya usiyoijua na kuulizwa ni ya mkondo gani, orodha hiyo haitakuvusha.

Mimi hufundisha kwa riwaya mbili za Kifaransa: Madame Bovary ya Gustave Flaubert, iliyotoka kama kitabu mwaka 1857, na L'Assommoir ya Émile Zola, ya 1877. Katika zote mbili kuna mwanamke, kuna madeni, kuna ndoa iliyoharibika na kifo kibaya. Kwa kuwa kisa kinakaribiana hivyo, huwezi kujificha nyuma ya muhtasari.

Swali la kwanza, na kwangu ndilo zito: anguko hili limetoka wapi? Usijibu kwa kichwa, tafuta ukurasa.

Kwa Emma Bovary utapata majibu mengi na hakuna hata moja linalotosha. Mumewe Charles ni tabibu wa kijijini, mwema, lakini anachosha. Emma mwenyewe alilelewa kwenye shule ya watawa, huko akasoma riwaya za mapenzi kwa siri na kungoja maisha yaje kama yalivyoandikwa. Kuna Lheureux, muuza vitambaa, anayemkopesha kwa maneno matamu na kumsainisha hati juu ya hati. Lakini kila anaposaini, unaona kabisa kwamba angeweza kukataa. Rodolphe, hawara wake, anapoamua kumtoroka, anamwandikia barua kwamba wa kulaumiwa ni majaaliwa, kisha anajipongeza moyoni kwa kupata neno linalofanya kazi siku zote. Emma anakufa kwa sumu ya aseniki. Baadaye Charles, mgane sasa, anakutana na Rodolphe na kumwambia kwa uchungu kwamba ni majaaliwa tu. Rodolphe, aliyeyaongoza majaaliwa hayo kwa mkono wake mwenyewe, anamwona kichekesho. Hapo ndipo uhalisia ulipo: majaaliwa ni kisingizio cha watu, na mwandishi anakuachia ukione.

Sasa fungua dibaji ya L'Assommoir. Zola anasema waziwazi kwamba alikusudia kuonyesha anguko lisiloepukika la familia ya wafanyakazi katika mazingira machafu ya vitongoji vya Paris. Majaaliwa ambayo Flaubert aliyafanya kisingizio cha laghai Rodolphe, Zola anayatangaza kwa jina lake, na hapo ndipo unaturalisti ulipo.

Kisha nenda sura ya pili. Gervaise, dobi, na Coupeau, fundi wa kuezeka mabati ya zinki, wamekaa katika baa ya Colombe wakila plamu zilizolowekwa kwenye brandi. Nyuma kuna mtambo wa kupikia pombe, unadondosha taratibu. Coupeau hagusi pombe kali, kwani baba yake, fundi kama yeye, alianguka kutoka juu ya nyumba siku aliyokuwa amelewa. Gervaise anakumbuka alivyokuwa akinywa na mama yake zamani. Anakula plamu, maji yake anayaacha. Halafu anataja anayoyataka duniani: kazi, mkate, kona safi ya kulala, kulea watoto, asipigwe, afie kitandani mwake. Piga mstari chini ya kila ombi, kisha endelea kusoma na kalamu mkononi, kwa sababu Zola atayafuta karibu yote. Coupeau anaanguka kutoka kwenye paa akiwa mzima bila tone, binti yao Nana alipomwita kutoka chini. Akiwa anauguza mguu anazoea kukaa bure, kisha baa. Anafia hospitali ya wendawazimu akitetemeka. Gervaise anafia juu ya majani makavu katika shimo chini ya ngazi, na majirani wanajulishwa na harufu.

Swali la pili: je, mwandishi anaamini kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka? Zola aliamini, au alijitahidi kuamini. Riwaya zake 20 za Rougon-Macquart (1871 hadi 1893) zinafuata ukoo mmoja, na watoto wa Gervaise wanarudi: Nana katika riwaya yenye jina lake ya 1880, Étienne katika Germinal ya 1885, Jacques katika La Bête humaine ya 1890, mwenye hamu ya kuua iliyomo damuni. Nadharia aliichota kwa mhakiki Hippolyte Taine, aliyezungumzia asili, mazingira na wakati, na kwa daktari Claude Bernard. Mwaka 1880 akatangaza kwamba riwaya ni jaribio la kisayansi. Kwangu dai hilo halisimami. Bernard aliweza kushangazwa na matokeo ya maabara yake. Zola ndiye aliyeandika matokeo. Lakini dai bovu limezaa riwaya nzuri, na huo ni ushindi wa mwandishi dhidi ya nadharia yake.

Swali la tatu ni jepesi: msimulizi anakaa wapi? Kwenye maonyesho ya kilimo, Flaubert anachanganya maneno ya mapenzi ya Rodolphe na tangazo la zawadi ya samadi, wala haongezi neno. Kimya hicho kilimfikisha mahakamani mwaka 1857. Mwendesha mashtaka aliuliza ni nani ndani ya kitabu anayeweza kumhukumu Emma, akajibu mwenyewe: hakuna. Flaubert aliachiwa huru. Zola naye anaruhusu lugha ya mitaani iingie hadi kwenye usimulizi.

Umaskini usiutumie kama kipimo. Familia iliyomo katika riwaya ya Thérèse Raquin, ya Zola huyohuyo, ina duka na inakula vizuri, lakini dibaji ya 1868 inasema anachunguza mihemko ya mwili, si tabia.

Na usilazimishe. Goujet, mhunzi anayempenda Gervaise, anamkopesha faranga 500 za kufungua duka la dobi, na baadaye anamwomba watoroke pamoja. Gervaise anakataa. Huo ni uamuzi, na mtahini makini atakuuliza kuuhusu. Andika kwamba riwaya ni ya kinaturalisti kwa jinsi inavyopanga sababu, kisha utaje ukurasa ambapo mhusika anaiponyoka nadharia.