SOMO: Tairi limetoboka, lizibwe au litupwe?

Ndugu zangu, somo hili nalitoa kwa uchungu. Mwaka jana nikitoka Morogoro usiku, tairi la nyuma liliisha upepo kabla sijafika Chalinze. Niliogopa kusimama gizani, nikajikokota kama kilomita tatu hadi penye taa. Asubuhi fundi akang'oa msumari, akasukumia kamba ya gundi kutoka nje, akajaza upepo, nikaondoka. Siku ya nne likapasuka nikiwa na watoto garini. Tulipolivua kwenye rimu, ukamwagika unga mweusi kama kahawa iliyosagwa. Zile kilomita tatu bila upepo ndizo zilizousaga ubavu kwa ndani na kuliua.

Hatua ya 1. Using'oe msumari njiani. Kama upepo bado umo, uache msumari uzibe tundu lake, nenda kwa fundi taratibu. Upepo ukiisha, funga spea palepale.

Hatua ya 2. Tazama tundu liko wapi. Sehemu inayokanyaga barabara ina mikanda ya waya ndani yake. Tundu la hapo lisilozidi milimita 6 linazibika. Begani, pale tairi linapoanza kupinda, na ubavuni kwenyewe, halizibiki. Ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, kiraka hakidumu. Ukiona nundu ubavuni, hata kama ni ndogo kama nusu ya limau, ujue nyuzi za ndani zimekatika na ni mpira mtupu unaozuia upepo. Tairi hilo livue leo hii.

Hatua ya 3. Livuliwe kwenye rimu. Fundi atasema "bosi, hakuna haja, dakika mbili tu." Ng'ang'ania. Ingiza mkono, pitisha kiganja ndani ya ubavu wote. Ukikuta unga, au alama ya mchubuko inayozunguka kama mkanda, litupwe hata kama nje linang'aa. Ndani pakiwa safi, dai kiraka chenye shina, kile kinachofanana na uyoga: shina linajaza tundu, kofia inabanduliwa karatasi na kugandishwa kwa ndani. Kamba ichukulie kama ya kukufikisha kwa fundi tu.

Hatua ya 4. Angalia meno na umri. Ndani ya mifereji kuna vijinundu; meno yakilingana navyo, imebaki milimita 1.6, yaani limekuwa kipara. Ubavuni mwa tairi, kwenye maandishi yanayoanza na herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho, ndizo tarehe lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi lililopasukapasuka kwa jua usilipotezee hela ya kiraka.

MASWALI

*Mkuu, fundi wa mtaani kwetu anashona ubavu kwa uzi kisha anaweka tyubu. Vipi hapo?*

Usikubali, ndugu yangu. Tyubu inazuia upepo usitoke, lakini zile nyuzi zilizokatika hairudishi nguvu zake. Likipata joto la lami ukiwa na mzigo, linapasukia hapohapo kwenye mshono.

*Kaka, ahsante kwa somo. Spea yangu ni ile nyembamba iliyokuja na gari kutoka Japani. Inaweza kunitoa Dar hadi Dodoma?*

Hapana, dada. Ile mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na kazi yake ni kukufikisha kwa fundi wa karibu. Halafu inataka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Ipime wiki hii. Wengi hawajaigusa tangu gari litoke bandarini.

*Nina Forester. Tairi moja limechanika, matatu yamelika nusu. Ninunue moja tu?*

Gari lako linavuta magurudumu yote manne. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko yaliyolika, kwa hiyo gia zinazogawa nguvu zitasuguana safari nzima na kupata joto. Tafuta lililolika kiasi kilekile, la saizi na aina ileile, au badilisha yote manne. Mwenye gari la kuvuta mbele anunue mawili, na mapya ayafunge nyuma, maana nyuma ikiteleza kwenye mvua gari linageuka.