Kutengeneza Mashine Huria ya Kusafishia Protini Jijini Mwanza

Anayetaka kusafisha protini yenye mkia wa histidini (mnyororo mfupi wa asidi amino unaoshikwa na nikeli) anaweza kujitengenezea mashine, kwa kuwa kazi yenyewe ni kupitisha vimiminika kwa mpangilio katika kolamu, yaani kijimrija kilichojazwa chembe za rezini zenye nikeli, na kukinga kinachotoka. Fedha nyingi ziende kwenye pampu.

Chagua pampu ya magurudumu yanayokamua mrija wa silikoni, ikizungushwa na mota ya stepa, yaani inayozunguka kwa hatua ndogondogo, yenye hatua 200 kwa mzunguko. Kimiminika hakigusi chuma, na kwa kuwa magurudumu huendelea kubana mrija hata mota ikisimama, kolamu haitakauka umeme ukikatika, mradi viungio vya juu visivujishe hewa. Pima mwendo wa pampu baada ya kuiunga na kolamu, maana rezini huzuia mtiririko: sukuma maji kwa dakika 10, yapime kwenye mizani, kisha hesabu gramu 1 kuwa mililita 1. Kolamu ya mililita 1 hutosheka na mililita 1 kwa dakika.

Mota huendeshwa na bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kudhibiti vifaa, kupitia kiendeshi cha A4988, kijibodi kinachoipa mota umeme wake. Usichomoe kamwe nyaya za mota kiendeshi kikiwa na umeme, kitaungua. Vali za kubana mrija ndizo huchagua kati ya sampuli, bafa (kimiminika chenye pH thabiti) ya kuoshea yenye milimola 20 kwa lita za imidazoli, kemikali inayoing'oa protini kwenye nikeli, na bafa ya kutolea yenye milimola 250.

Jambo linalosahaulika katika michoro mingi ya maabara za ng'ambo ni kukatika kwa umeme. Arduino ikiwaka upya huanza programu mwanzo kabisa, na bafa isiyotakiwa huweza kuingia kwenye mirija ya kukingia. Kwa hiyo programu iandike namba ya hatua katika EEPROM, kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika, kila hatua inapobadilika tu, si kila sekunde, kwa sababu kumbukumbu hiyo huchakaa baada ya kuandikwa mara 100,000 hivi. Kisha mashine yote itumie betri ya volti 12 inayochajiwa muda wote.

Mkono wa servo, yaani mota ndogo inayogeuka hadi pembe inayoagizwa, uhamishe mrija wa kutolea kila baada ya mililita 1. Mirija ya kukingia ikae kwenye kasha la barafu, kama yale ya wachuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba, lakini bodi ibaki nje, mbali na unyevu.

Kihisi cha mwanga wa nanomita 280, cha kuonyesha protini inapotoka, kinaweza kusubiri, kwani kinahitaji dirisha la kioo cha kwazi (quartz); kioo cha kawaida huuzuia mwanga huo. Kwa sasa pima kila mrija kwa rangi ya Bradford, ambayo hugeuka buluu ikikutana na protini, kwenye nanomita 595. Jaribio la kwanza lifanywe kwa protini ya kijani inayong'aa, GFP, yenye mkia wa histidini, ili uone kwa macho inaposhikwa na inapoachiliwa.

Ukimaliza, pitisha maji, kisha ethanoli ya asilimia 20, na uulegeze mrija kutoka kwenye magurudumu.