Somo: Mchuzi wa nyama ya kusaga na nyanya kwa ajili ya spageti

Katika nyumba nyingi hapa Nairobi, nyama, vitunguu na nyanya za spageti hutiwa sufuriani kwa pamoja, na baada ya dakika 20 watoto huletewa maji mekundu ambayo hujitenga na kutuama chini ya sahani. Viungo havina kosa. Kilichokosewa ni mpangilio wake na muda wa kukaa motoni.

Kwa watu 6, tayarisha nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, kilo moja na nusu ya nyanya zilizoiva sana, vitunguu maji 2 vikubwa, karoti 2, punje 4 za kitunguu saumu, vijiko 2 vya nyanya ya pakiti, mafuta, chumvi, pilipili manga na gramu 500 za spageti. Mwombe mwenye bucha asage nyama yenye mafuta kidogo, kwa maana nyama isiyo na mafuta kabisa hukauka. Kwa mama mboga, chagua zile nyanya ndefu zenye nyama nene, kwani zile za mviringo mara nyingi zina maji mengi.

Hatua ya kwanza ndiyo inayopuuzwa zaidi. Pasha mafuta katika sufuria nzito, tandaza nyama, na usiigeuze kwa dakika 4 au 5. Nyama itatoa maji, na maadamu maji hayo yamo, haitabadilika kuwa ya kahawia, kwa sababu joto haliwezi kupita kiwango cha kuchemka, ambacho katika mji huu ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ni kama nyuzi 94 tu. Subiri hadi maji yakauke na usikie mlio wa kukaanga, kisha uivunjevunje kwa mwiko mpaka iwe kahawia, na uiepue.

Katika mafuta yaliyobaki, kaanga vitunguu na karoti zilizokunwa kwa moto mdogo mpaka vilainike kabisa. Usiharakishe nyanya, kwa kuwa uchachu wake huzuia mboga kulainika. Tia kitunguu saumu na nyanya ya pakiti, kaanga kwa dakika 2, halafu rudisha nyama pamoja na nyanya ulizozimenya na kuzikatakata.

Funika nusu, punguza moto, na uache mchuzi utokote polepole kwa saa moja na nusu. Umekamilika pale mwiko unapopita na kuacha njia chini ya sufuria, na mafuta yakaelea juu.

Chemsha spageti katika maji ya chumvi, uitoe ikiwa bado ngumu kidogo, kisha uichanganye na mchuzi motoni pamoja na nusu kikombe cha maji yake, ambayo yana wanga unaoushikiza mchuzi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mchuzi wangu huwa mchachu hata nikitia sukari. Nifanyeje?

Ongeza karoti na muda kabla ya kufikiria sukari. Vilevile, tia nusu kikombe cha maziwa katika nusu saa ya mwisho. Maziwa yamo hata katika mapishi ya mchuzi wa nyama wa Bologna, ambayo Akademia ya Upishi ya Italia iliyasajili katika chemba ya biashara ya mji huo mwaka 1982, ingawa mchuzi huo una nyanya chache kuliko wetu.

Gesi ni ghali. Je, saa moja na nusu ni lazima?

Muda huo ni lazima, dada yangu, lakini gesi si lazima. Kaanga kwa gesi, kisha uhamishie sufuria kwenye jiko la makaa ambalo moto wake umeanza kufifia baada ya kuchemsha maharagwe. Ukipenda, pika kiasi maradufu kwa siku moja.

Nikipika maradufu, nihifadhi vipi?

Upoze na uuweke kwenye friji kabla ya muda wa saa 2 kupita tangu uuepue. Hukaa humo siku 3, na kwenye friza miezi 3. Asiye na friji apike wa siku hiyo tu, na nusu ya nyama anaweza kuibadilisha kwa kamande zilizochemshwa.