Ukiwa na hela imekaa tu kwa broka Kanada, linganisha riba hivi

Kuna akaunti za akiba za uwekezaji, yaani amana za benki zinazouzwa kupitia broka, unazinunua kama mfuko wa uwekezaji, unaandika msimbo wake, mfano TDB8150 ya TD au RBF2010 ya RBC, alafu bei haipandi wala kushuka, riba inahesabiwa kila siku na mwisho wa mwezi unaongezewa vipande.

Sasa watu wengi wanakosea hapa: wanaangalia jina la benki tu. Angalia herufi ya daraja (series) kwenye jina lake. A na F ni kitu kilekile ila A imeshakatwa kamisheni ya broka, mara nyingi 0.25%, so kwa dola 20,000 hiyo ni dola 50 kwa mwaka inaondoka kimyakimya. Shida ni kwamba broka wengi wa kujihudumia mwenyewe F hawakupi, basi linganisha A kwa A usijichoshe.

Pia mabroka wa mabenki makubwa mara nyingi wanauza ya kwao tu, ya jirani ukiitafuta haitokei, kwahiyo jaribu kuweka oda kwanza kabla hujaanza kupiga hesabu.

Bima ya CDIC, shirika la Kanada linalokinga amana benki ikifilisika, ni mpaka dola 100,000 kwa kila taasisi mwanachama, na ukiwa na hela ingine benki hiyohiyo kwa jina lako zinajumlishwa. ETF za keshi (mifuko ya kuweka hela ya muda mfupi, inanunuliwa soko la hisa) zenyewe hazina hiyo bima, na kama broka anatoza dola 10 kununua na 10 kuuza, kama hela unaiweka miezi miwili tu mi naona haina maana.

Benki Kuu ikigusa riba, rudi uangalie upya.