Namna ya Kujenga Usalama wa Karakana katika Timu za Roboti za Wanafunzi

Timu nyingi za roboti hubandika mabango ya usalama ukutani, huwasomea wanachama kanuni siku ya kwanza, kisha huendelea na kazi kana kwamba jambo hilo limekwisha. Bango halina uwezo wa kuzima mashine. Hatua ya kwanza, basi, ni kumteua mwanafunzi mmoja awe msimamizi wa usalama, na kumpa mamlaka ya kweli ya kusimamisha kazi ya yeyote, hata ya mwalimu mlezi aliyeingia karakanani bila miwani ya kinga. Utaratibu huu umezoeleka katika timu za FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1992 huko New Hampshire, Marekani, na hauhitaji fedha wala vifaa vya kigeni ili kufuatwa na klabu ya sekondari ya Nairobi au Dodoma.

Asiteuliwe fundi mkuu wa timu, kwa kuwa mtu anayeharakishwa na kazi hawezi wakati huohuo kuwa mlinzi wake. Ateuliwe yule ambaye wenzake humsikiliza na ambaye haoni haya kumwambia mkubwa wake aache.

Ruhusa ya kutumia mashine itolewe kwa mashine mojamoja, baada ya mwanafunzi kuitumia mbele ya mlezi, na jina lake liandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya mashine hiyo. Kwenye drili ya meza aonyeshe kwamba amekibana kipande cha chuma kwenye jiliwa, amefunga nywele, amevua kitambulisho kinachoning'inia shingoni, na hakuvaa glavu, kwa sababu ncha inayozunguka hunasa glavu na kuuvuta mkono mzima. Chembe za chuma zifagiliwe kwa brashi. Miwani ya kinga iwekwe mlangoni, upande wa nje, kwa kuwa ikifungiwa kabatini hakuna atakayeifuata. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi, kwani haikingi pembeni.

Betri ndiyo hudharauliwa kuliko vyote. Roboti za mashindano ya FIRST hutumia betri ya risasi na asidi ya volti 12, yenye uzito wa kilo 6 hivi, na wanafunzi huambiana kwamba volti 12 hazimdhuru mtu. Ni kweli kwamba kwa kawaida hazipigi shoti kwenye ngozi kavu, lakini spana ikigusa ncha zote mbili za betri hupita mkondo wa mamia ya ampea, na pete iliyopo kidoleni huweza kuunguza hadi ndani ya nyama. Pete na bangili zivuliwe, ncha zifunikwe kwa utepe wa umeme, na betri ibebwe kwa kushikwa mwili wake, kamwe si kwa nyaya. Iliyoanguka itengwe hata kama ufa hauonekani. Soda bikaboneti iwe karibu kwa ajili ya asidi iliyomwagika sakafuni; asidi ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mwanafunzi apelekwe hospitali. Penye mgawo wa maji, ndoo safi yenye mfuniko na koki ijazwe kabla ya kazi kuanza.

Kabla ya kuiwasha roboti, mwendeshaji atangaze kwa sauti na asubiri kila aliye karibu aitikie kwamba mikono yake imeshatoka. Roboti inayojaribiwa mezani iinuliwe juu ya vigogo ili magurudumu yasiguse kitu, na mfumo wa hewa iliyogandamizwa utolewe hewa yote kabla ya kufunguliwa.

Daftari la matukio ya kuponea chupuchupu lina thamani kuliko la ajali, maana hueleza yatakayotokea wiki ijayo. Liandike kilichotokea na mahali, lisiandike majina. Timu inayowaadhibu wanaosema ukweli itabaki na daftari tupu na karakana ya hatari ileile. Kila kikao kianze kwa kusoma tukio moja na kumtaja atakayerekebisha kasoro hiyo kabla ya kikao kijacho.

Wiki za mwisho kabla ya mashindano zinahitaji kanuni kali zaidi, kwa sababu uchovu humfanya hata fundi makini aruke hatua. Mashine za kukata zizimwe na kufungwa saa moja kabla ya muda wa kuondoka, na saa hiyo itumike kufagia, kuchaji betri chini ya uangalizi, na kuandika programu. Mtu asiachwe peke yake na mashine, hata akisema imebaki skrubu moja tu. Msimamizi naye awe na msaidizi kutoka kidato cha chini tangu mwanzo wa msimu, ili atakapohitimu daftari na funguo vipokelewe na mtu aliyekwisha kuzoea kusema "simama".