Panga njia ili lori lisirudi nyuma

Kazi yangu saiti, penye ujenzi, ni kuelekeza malori. Kila asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, natembea njia yote kwa miguu hadi kwenye rundo la kokoto nikijiuliza: dereva wa tipa, lori linaloinua bodi yake ya mzigo ili kumwaga, ataweza kuingia, kumwaga na kutoka bila kutia rivasi? Akiweza, nimeshapumua.

Anza na njia, basi. Malori yazunguke upande mmoja, yaingilie huku na kutokea kule. Kama geti ni moja, acha uwanja wa kugeuzia, nao upimwe kwa lori refu kuliko yote litakalokuja, si kwa pikapu ya msimamizi. Waenda kwa miguu wapewe geti lao na njia yao yenye vizuizi imara. Utepe hausimamishi lori. Njia hiyo iwafikishe kweli chooni, stoo na penye maji ya kunywa. Isipowafikisha, vibarua watakatiza mbele ya malori, na mimi siwalaumu.

Rivasi ikilazimika, mwelekezaji awe mmoja. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii tulimwelekeza dereva wawili: mwenzangu anamwita, mimi nimenyoosha mkono asimame. Akamfuata mwenzangu. Gurudumu lilisimama hatua moja tu kutoka kwa fundi aliyeinama akifunga nondo. Sasa nakubaliana ishara na dereva kabla hajaanza kusogea. Nasimama pembeni, upande wake, ninapouona uso wake kiooni. Nisipouona, naye hanioni. Nikimpotea, asimame papo hapo, hata kama amebakiza kidogo. King'ora cha rivasi usikitegemee: penye mashine ya zege, masikio yameshazoea kelele.

Karibu na shimo, weka gogo nene la kuzuia magurudumu, tena mbali na ukingo, maana udongo uliolowa humeguka chini ya mzigo. Tipa limwage penye ardhi iliyosawazishwa. Likipandisha bodi huku limelalia upande, linaweza kupinduka. Tazama na juu: bodi iliyoinuliwa inaweza kufikia nyaya za umeme. Dereva asiondoke kabla hajaishusha.

Kila anayeshuka garini avae kizibao cha kung'aa na helmeti, wageni na wakubwa pia.

Mvua ikinyesha mchana, nasimamisha malori getini na kuitembea njia upya.