Shofazhi inapuliza baridi: angalia temostati kabla hujafungua dashibodi

Mwezi wa 6 na wa 7 hapa Lubumbashi baridi ya asubuhi inaingia mpaka mu mifupa, na kila mwaka njo wakati watu wanakumbuka kama gari iko na shofazhi, ile ya kutia joto ndani ya gari. Unawasha, ventilatere (feni) inalia vizuri, lakini upepo ni baridi tupu, muko watano ndani munapumua, vioo vinajaa ukungu, unaendesha huku unapangusa na mkono. Mi ilinikuta njia ya Likasi saa kumi na moja ya asubuhi, mtoto nyuma amefunikwa kitenge, tukasimama mara tatu ju ya kupangusa kioo. Kumbe fundi mmoja alishatoa temostati zamani, alisema huku ni inchi ya joto haina kazi. Siku tulifungua kinyumba chake tulikuta ndani mtupu, kutu tu.

Uelewe kwanza: shofazhi haina moto yake. Inakopa joto ya maji ya motere. Nyuma ya dashibodi kuna radiatere ndogo, maji ya moto yanapita ndani, ventilatere inapuliza hewa kati yake. Temostati ni kilango kinachofungia maji yasiende kupozwa mu radiatere kubwa mpaka motere ipate joto, nyingi zinafunguka kati ya digri 80 na 90. Ukiitoa, maji yanazunguka tu yakipoa, asubuhi ya baridi ukishika barabara kubwa motere haipati joto yake, inakunywa esansi mingi, na shofazhi haina kitu ya kukopa.

Hatua ya 1. Motere ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha radiatere uone maji. Usiangalie kile kichupa cha pembeni peke yake, kinaweza kuwa kimejaa na radiatere iko na upungufu. Motere ikiwa moto USIFUNGUE, maji yako na presha, yatakuruka usoni.

Hatua ya 2. Washa motere, lakini inje, si mu garaji imefungwa, mu moshi kuna gazi inaua, na gazi ile haina harufu ya kukustua. Shika tiyo (bomba la mpira) ya chini ya radiatere kubwa, mkono mbali na ventilatere yake maana ile ya umeme inaweza kuanza yenyewe. Dakika za kwanza tiyo ile inapaswa kubaki baridi, kisha motere ikiiva inapata joto. Kama inapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, na mushale wa joto unabaki chini hata ukitembea, temostati haiko ao imekwama wazi. Kama iko, itoe uipime: sufuria ya maji juu ya mbabula, ifunge na kamba isiguse chini, uangalie. Mu maji ya baridi iwe imefunga kabisa, maji yakikaribia kuchemka utaiona inafunguka pole pole, ukiitoa inafunga tena. Yenye imekaa wazi mu maji ya baridi ni ya kutupa. Digri zake zimeandikwa juu yake, ununue ya namba ile ile.

Hatua ya 3. Tafuta tiyo mbili ndogo zinazopita ukuta wa motere kuingia ndani ya gari. Motere ikiwa moto zishike haraka haraka. Zote moto: maji yanapita, ubaya uko kwa kilango cha hewa ao kamba yake ndani ya dashibodi. Moja moto, moja baridi: radiatere ndogo imeziba ao robine yake imefunga. Zote baridi: maji ni machache, kuna hewa, ao fundi alishaunganisha tiyo pamoja ju radiatere ndogo ilikuwa inavuja, hii naiona mingi sana.

Hatua ya 4, kutoa hewa. Paki gari pua ikiangalia juu ya mlima, kifuniko wazi motere ikiwa baridi, shofazhi kwa moto wa mwisho, kisha washa na uongeze maji kadiri mapovu yanatoka. Yakiisha, funga.

Hatua ya 5, kuosha. Motere baridi, toa tiyo zote mbili, ingiza maji ya kawaida kwa upande yanakotokeaga, yatoke upande ule mwengine. Ya kwanza yatakuwa sawa chai ya rangi, endelea mpaka yawe safi. Usitumie kompresa, ile aluminiyumu ni nyembamba inapasuka.

MASWALI

Kijana wa Katuba: Mukubwa, yangu inapuliza moto nikitembea, nikisimama kwa foleni inakuwa baridi. Shida ni nini?
— Mdogo wangu, anza na maji, yamepunguka ao kuna hewa. Kama yamejaa, pompi ya maji inachoka. Na kama maji yanapunguka bila kuona fasi yanavuja, pelekea fundi aangalie jwenti ya kilasi, ile inaziba kati ya motere na kilasi, kichwa chake cha juu.

Mama wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi): Yaya, mu gari munanuka tamutamu na kapeti ya miguu imelowana, vioo navyo vina mafuta mafuta.
— Mama, radiatere ndogo inavuja. Ile ni likidi ya kupoza, ni sumu, watoto na mbwa wasiiguse. Ibadilishwe.

Dereva wa Hiace: Dizeli yangu nawasha dakika ishirini shofazhi hakuna, banasema motere imekufa.
— Hapana kaka, dizeli ikisimama bila kazi inapata joto polepole sana. Tembea nayo kwanza kabla ya kuhukumu.

Wa Ruashi: Mushale umepanda kwa nyekundu na shofazhi inapuliza baridi?
— Simama, zima SASA, usisubiri kufika. Motere ni moto lakini maji ya moto hayafiki kwa shofazhi: yameisha ao pompi imekufa. Acha ipoe saa nzima ao zaidi njo ufungue kifuniko, na usimwage maji ya baridi juu ya motere ya moto, kilasi itapinda.

Wa Ruashi: Na maji ya kisima peke yake yanatosha?
— Siku ya shida, tia, ufike nyumbani. Kisha yatoe utie likidi yenyewe, maana maji peke yake yanaleta kutu, na kutu njo inaziba ile radiatere ndogo.